Mwanangu, kuhusu hiyo Minneapolis yako

Mwanangu kipenzi,

Listi yako ya miji ya kuhamia nimeiona, mahali transjenda kama wewe, mtu ambaye jinsia yake si ile aliyoandikiwa akizaliwa, anaweza kuishi kwa amani: Minneapolis, Seattle, Worcester na hiyo Austin uliyoiwekea alama ya kuuliza, na nimeamua nikuandikie badala ya kupiga simu manake kwa simu wewe unaanza "sawa mama, sawa mama" kabla sijafika popote, na mimi nikikatizwa nasahau nilichokuwa nataka kusema. Soma pole pole. Ukichoka weka kando, utarudi.

Austin tuitoe njiani kwanza. Najua mbona unaitaka, marafiki zako wako huko, bendera za upinde wa mvua kila duka, na kutoka hapa Dallas ni masaa matatu tu, hata mimi ningekuwa nakuja kila mwisho wa mwezi na mahamri kwa buti la gari. Lakini Austin iko ndani ya Texas, mama, na sheria za Texas hazibishi hodi zikifika Austin. Agosti 2024 ofisi ya leseni za udereva iliacha kubadilisha herufi ya jinsia hata ukienda na barua ya korti mkononi, na muda huo huo wa cheti cha kuzaliwa wakafuata, na wewe umezaliwa hapa hapa Texas kwa hiyo yote mawili yanakuhusu. Halafu tangu Desemba 2025 kuna ile sheria ya kutumia choo cha jinsia ya kuzaliwa kwenye majengo ya serikali, shule na vyuo vya umma, na ujanja wao ni kwamba faini haipigwi wewe, inapigwa taasisi, dola elfu 25 mara ya kwanza na elfu 125 wakirudia, sasa fikiria mwenyewe bosi gani wa chuo atakutetea na hesabu kama hiyo iko mezani kwake. Watu wa Austin ni wazuri, sibishi. Ila mtu mzuri asiye na sheria nyuma yake anaweza kukuonea huruma tu, basi.

Na hapo ndipo nilipofikia baada ya kusoma usiku kucha kazini wazee wakishalala. Nilikuwa naangalia kitu kimoja tu kwenye kila mji. Sio wanakuchekea vipi ukifika. Naangalia ukikosewa utampigia nani, na huyo mtu ana nguvu ya kufanya nini.

Kazini kidogo una kinga popote Marekani, ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2020 ilisema ukifukuzwa kwa sababu wewe ni transjenda huo ni ubaguzi wa jinsia. Paspoti nayo haina pa kukimbilia, tangu Novemba 2025 mahakama hiyo hiyo imewaruhusu waendelee kuandika jinsia ya kuzaliwa, kwa hiyo uhamie Seattle au ubaki hapa jikoni kwangu paspoti ni ile ile. Kinachobadilika ukivuka mpaka wa jimbo ni leseni, nyumba, hospitali, na korti ya hapo mtaani. Na leseni ndiyo unayoitoa kila siku, kwa polisi, kwa mwenye nyumba, kwa duka la dawa. Paspoti unaitoa ukisafiri.

Seattle sina mengi. Jimbo lake la Washington wana sheria ya kukulinda tangu 2006, na watu wetu wa Afrika Mashariki wamejaa kule Kent na Tukwila, lakini renti mwanangu, utafanya kazi mbili ulipe chumba kimoja, labda ukae na wenzako wanne.

Worcester ilinivutia kuliko nilivyotarajia. Unajua jimbo lake la Massachusetts mwaka 2018 walipeleka sheria ya kulinda transjenda kwa wananchi waipigie kura, iendelee au ifutwe, na karibu asilimia 68 wakasema iendelee? Hilo lilinigusa manake bunge linaweza kupitisha kitu watu hawakitaki, ila hapo ni majirani wenyewe waliingia kwenye kibanda peke yao hakuna anayewaona na wakasema mwacheni. Shida ya kule ni sisi. Worcester na Lowell kumejaa Wakenya, ukipiga chafya Lowell unaambiwa pole Mombasa, na shangazi yako yuko pale pale na unamjua mdomo wake. Nampenda, ni dada ya babako, lakini sitaki uwe mada ya chama chao kila Jumamosi.

Sasa hiyo Minneapolis yako. Nilitaka kuikataa kwa sababu ya baridi, nikwambie ukweli, nikaanza kusoma nikitafuta makosa. Mji ule uliweka kwenye sheria yake kwamba watu kama wewe wasibaguliwe mwaka 1975, sijui kama unaelewa 1975 ni lini, mimi sikuwa nimezaliwa, nyanya yako alikuwa bado msichana Kisauni. Jimbo lote la Minnesota likafuata 1993, la kwanza Marekani nzima. Na 2023 wakaongeza ile sheria ya kimbilio, kwamba jimbo lingine likija kudai rekodi za hospitali au kutaka mzazi akamatwe kwa kumpeleka mtoto wake kutibiwa, Minnesota haitoi ushirikiano. Aliyeupeleka huo mswada bungeni ni Leigh Finke, mwenyewe ni mwanamke transjenda. Na kabla yake, 2017, watu wa Minneapolis walimchagua Andrea Jenkins kwenye baraza la mji, mwanamke mweusi transjenda wa kwanza kuchaguliwa hivyo wazi wazi Marekani nzima, baadaye akawa rais wa baraza. Picha yake niliikazia macho sana. Mama mtu mzima, mshairi, mweusi kama sisi, na watu walipanga foleni wakampa kura.

Lakini usinione nimelewa. Kata iliyokuwa ya huyo huyo Jenkins ndipo George Floyd alipouliwa na polisi Mei 2020, pale kwenye kona ya barabara za 38 na Chicago, na ukitembea kutoka hiyo mitaa ya Powderhorn unayoiota unafika kwa miguu. Wewe ni mweusi kabla hata hujafungua mdomo. Na Novemba 2024 wanawake wawili transjenda walipigwa vibaya kwenye stesheni ya treni katikati ya huo mji wa kimbilio. Kwa hiyo sheria nzuri haizuii ngumi, na mimi sikudanganyi kwamba kuna mji unaozuia. Ukitoka kazi usiku panda basi au mtu akuchukue, ile treni ya usiku achana nayo, na kama ni lazima kaa behewa la mbele karibu na dereva. Hii si ya kujadili.

Haya, tuje kwenye makaratasi, na hapa ndipo nataka unisikize kweli. Jina ulibadilishe HAPA kabla hujaondoka. Najua unasema Texas huitaki tena, lakini jina Texas bado wanabadilisha, ni ile herufi ya jinsia ndiyo wameifungia. Unapeleka maombi kwenye korti ya kaunti yetu, wanachukua alama za vidole, hakimu anasaini, na mimi nitakuwepo nimevaa ile suti ya bluu. Ukienda Minnesota mikono mitupu lazima uwe umeishi kule miezi sita ndio korti ikupokee, na unahitaji mashahidi wawili, sasa miezi sita yote hiyo unaomba kazi na nyumba kwa jina la zamani, ya nini? Jina hapa, na herufi kule. Kule ofisi ya leseni unajaza mwenyewe kwenye fomu, F au M au X, hawakuulizi barua ya daktari. Order ya korti chukua kopi zilizopigwa muhuri kama tano hivi, kila ofisi itataka yake, na uanze na Social Security, ile ofisi ya namba ya hifadhi ya jamii, kabla ya benki.

Kuhusu nyumba. Mwenye nyumba atakagua kredit yako, yaani historia yako ya kulipa madeni, na hiyo kredit iko kwa jina la zamani, ukificha itatokea mtu hana historia yoyote na watakunyima sio kwa chuki, kompyuta tu imekataa. Kwa hiyo pale kwenye fomu wanapouliza majina ya awali andika, usione haya, wala huna haja ya kueleza zaidi ya hapo. Wakikuzungusha baada ya kuliona jina, andika tarehe, weka meseji zote, na kuna idara ya haki za binadamu ya jimbo inayopokea malalamiko ya nyumba, hiyo ndiyo simu niliyokuwa nakwambia. Uliza pia hita imo ndani ya renti au unalipa kivyako. Majengo mengi ya zamani kule yana radieta na joto limo kwenye renti, na hiyo ni pesa nyingi mtu wangu, Januari kule inafika nyuzi ishirini chini ya sifuri. Angalau wana kanuni kwamba kutoka Oktoba mpaka mwisho wa Aprili kampuni ya umeme au gesi haiwezi kukukatia hivi hivi ukiwa umeomba mpango wa kulipa.

Dawa zako: kabla ya kuhama omba daktari akuandikie za miezi mitatu kwa mpigo. Nimeona watu wakihama wanakatika dawa wiki kadhaa wakisubiri apointimenti, mwili unachafuka na akili inachafuka, na ndio wakati huo huo uko mji mgeni peke yako. Ukifika kuna Family Tree Clinic, walitoka St. Paul wakahamia Minneapolis 2021, homoni wanatoa na wanatoza kulingana na kipato chako. Piga simu ukiwa bado hapa, usingoje ufike.

Wakenya wa kule wako kwa wingi Brooklyn Park na Brooklyn Center, pamoja na Waliberia. Ushauri wangu ni kwamba usiwakimbie na usipange nao ukuta mmoja. Kaa kusini ya mji, kwenye hiyo Powderhorn au upande wa Longfellow, halafu ukiwa na hamu ya ugali na sukuma unapanda gari dakika ishirini unakula unanunua unga wako unarudi. Kanisa najua utalimiss, kuimba hasa. Zipo kanisa zinazokupokea kule, tena waziwazi, ila nyimbo zao zimepoa mno, utavumilia. La Kiswahili nenda ukiwa na mtu unayemwamini, ukae nyuma, na ukisikia mahubiri yanaelekea kwako inuka utoke, hudaiwi maelezo na mtu. Mimi na pasta wetu wa hapa tumeshamalizana hayo mazungumzo na naendelea kukaa kiti changu kile kile cha pili kutoka mbele.

Na umeniuliza kuhusu nyumbani, kama siku moja unaweza kuishi Mombasa. Kuishi, kwa sasa hapana. Zile sheria za ukoloni za kukataza mapenzi ya jinsia moja kwenye kanuni ya adhabu ya Kenya bado zipo, Mahakama Kuu ilikataa kuzifuta Mei 2019, na ingawa kuwa transjenda si kosa lililoandikwa, polisi hawasomi kifungu kabla ya kukusumbua. Lakini usifikiri kule hakuna wa aina yako wala hakuna aliyesimama. Audrey Mbugua alilipeleka Baraza la Mitihani kortini kwa sababu ya cheti chake cha sekondari, na 2014 korti ikaamuru kitolewe upya kwa jina lake na alama ya jinsia iondolewe. Nairobi hiyo, sio ulaya. Nyanya yako anakuuliza kila Jumapili kwa WhatsApp, anakuita "mjukuu wangu" tu, hajawahi kutumia jina lolote kati ya hayo mawili na sijui ni ujanja au ni uzee, wewe mpigie. Kumtembelea tutapanga, wiki mbili, tukae nyumbani kwake na mimi nikiwa kando yako.

Pesa ya kuanzia nimeweka. Sio nyingi, ni ya chama, zamu yangu imefika na nilikuwa nataka kubadilisha gari lakini hili bado linatembea. Inatosha deposit na renti ya mwezi wa kwanza ukipata chumba kwa wenzako, apatimenti peke yako bado, subiri kazi ishike.

Kwa hiyo jibu langu ni Minneapolis, ila uende kwanza Februari ukae wiki moja, usiende Julai wanapocheza muziki mtaani ukafikiri ndio maisha ya kule. Tembea hiyo mitaa jioni saa moja giza likiwa limeingia, panda basi, ingia duka la mboga uone wanakuangalia vipi ukiwa huna bendera wala marafiki, wewe na kikapu chako. Chumba ukikipata nitumie kontrakti yote kabla hujasaini, kurasa zote sio ya mbele tu, na nambari ya mwenye nyumba. Jaketi usinunue huku, za Dallas ni za kupigia picha, tutanunua kule kule.

Mamako