Sera ya usalama wa ndege isiishie ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hati moja ambayo kila shirika la ndege hutakiwa kuwa nayo: sera ya usalama. Mara nyingi huandikwa mbiombio kabla ya wakaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga kufika, hunakiliwa kwa jirani, kisha hutiwa fremu na kutundikwa mapokezi. Wakaguzi wakiondoka, hakuna anayeisoma tena.

Matakwa yenyewe si mengi. Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinataka sera ioneshe dhamira ya shirika, iahidi rasilimali, iweke utaratibu wa kutoa taarifa, ibainishe mwenendo usiokubalika na mazingira ambayo mtu hataadhibiwa, itiwe saini na mtendaji mwenye dhamana, ifikishwe kwa wafanyakazi wote, na ipitiwe upya mara kwa mara. Ukurasa mmoja unatosha. Nikiona sera ya kurasa kumi na mbili huwa najua mapema kwamba taratibu za kazi zimechanganywa humo.

Tuanze na saini. Mwenye dhamana ni yule mwenye kauli ya mwisho juu ya fedha na watu. Sera ikisainiwa na meneja wa usalama peke yake, ahadi ya rasilimali inakuwa hewa, maana hana uwezo wa kuajiri hata fundi mmoja wa ziada. Kazi yake ni kusimamia mfumo na kumweleza bosi ukweli, kwa hiyo awajibike kwa bosi huyo moja kwa moja. Ukimweka chini ya mkurugenzi wa safari za ndege, taarifa zinazomgusa mkurugenzi zitachujwa njiani. Katika shirika dogo mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili, ila asikague kazi aliyoifanya mwenyewe.

Panapoharibika zaidi ni kwenye adhabu. Wengi huandika "hakuna atakayeadhibiwa kwa kutoa taarifa" na kuishia hapo. Fundi aliyesaini kazi ambayo hakuifanya atajificha nyuma ya sentensi hiyo. Fundi mwaminifu naye hataiamini, kwa sababu kitabu cha masharti ya kazi bado kinasema atakayeharibu mali ya shirika atakatwa mshahara. Hati mbili zikigongana, mfanyakazi hufuata ile inayogusa mfuko wake. Kwa hiyo kabla ya kusaini, watu wa usalama, wa rasilimali watu, mwanasheria na wawakilishi wa wafanyakazi wakae pamoja wazilinganishe zote: masharti ya kazi, mikataba, hata bonasi. Bonasi ya ndege kuondoka kwa wakati inaweza kuifuta sera nzima bila mtu kushika kalamu.

Mstari kati ya kinachoadhibiwa na kisichoadhibiwa uandikwe wazi. Kusahau, kuteleza au kukadiria vibaya hakuadhibiwi. Kukiuka kwa makusudi, uzembe uliopindukia, kulewa kazini na kughushi kumbukumbu kunaadhibiwa. Kwa yaliyo katikati kuna swali linalosaidia: mtu mwingine mwenye mafunzo yaleyale, katika zamu ileile na kwa vifaa vilevile, angeweza kufanya hivyohivyo? Kama ndiyo, tafuta kasoro kwenye mfumo. Sera itaje pia nani anajibu swali hilo. Msimamizi wa mhusika asiachiwe peke yake, na mmoja wa waamuzi awe anaijua kazi hiyo kwa mikono yake.

Septemba 11, 1991, ndege ya Embraer 120 ya Continental Express ilisambaratika angani Texas na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Usiku uliotangulia, skrubu 47 za upande wa juu kushoto, kwenye ukingo wa mbele wa bawa dogo la mkiani, zilikuwa zimefunguliwa ili mpira wa kuondoa barafu ubadilishwe. Zamu zikabadilishana, kazi ile haikukabidhiwa ipasavyo kwa maandishi, skrubu hazikurudishwa, na asubuhi ndege ikapangiwa safari. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilitaja kuwa chanzo ni mafundi na wakaguzi kutofuata taratibu. Uongozi ikauweka kwenye sababu za kuchangia. Mjumbe wake John Lauber alipinga, akitaka utamaduni uliolelewa na uongozi uingizwe kwenye chanzo chenyewe. Namuunga mkono. Sera haina haja ya kutaja skrubu, hizo ni za kadi ya kazi, yaani karatasi ya maelekezo ya fundi. Iseme tu kwamba fundi asiyeridhika anaweza kuizuia ndege, na gharama ya kuchelewa itabebwa na shirika. Marubani nao waahidiwe vilevile: ndege inayokuja kutua ikiwa haijatulia, yaani kasi na mteremko wake havijakaa sawa, kufikia futi 1,000 juu ya uwanja kwenye mawingu, au 500 hali ya hewa ikiwa wazi, wapae tena, na asiwepo wa kuwauliza habari za mafuta.

Kuhusu taarifa, fomu iwe fupi na jina la mtoaji lijulikane kwa meneja wa usalama tu. Zisizo na jina zipokelewe pia, ingawa hutapata wa kumrudia umuulize zaidi. Marekani waliliona hili mapema: mfumo wao wa kupokea taarifa za usalama wa ndege, ASRS, ulioanza 1976, unaendeshwa na NASA, shirika la anga za juu, kwani rubani angesita kupeleka siri yake kwa mamlaka inayoweza kumnyang'anya leseni. Sera iweke muda wa kumjibu mtoa taarifa, tuseme siku 3 kuthibitisha imepokelewa na 30 kueleza kilichofanyika, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani na kwa nini. Asiyejibiwa haandiki mara ya pili.

Lengo la "ajali sifuri" halikusaidii kupima chochote, kwa sababu ajali ni chache mno na shirika bovu linaweza kumaliza miaka bila kuipata. Pima mara ambazo ndege ilikuja kutua bila kutulia, zana zilizopotea karakana, na hatua za kurekebisha zilizopitwa na tarehe. Na idadi ya taarifa ikishuka ghafla, usiwahi kushangilia; uliza kwanza nani aliadhibiwa mwezi uliopita.

Wapakiaji mizigo na wajazaji mafuta wa mkataba wasisahaulike, maana wanaigusa ndege kila siku na sera mara nyingi haiwafikii: iingizwe kwenye mikataba yao, kwa lugha wanayoisoma. Bosi akibadilika, mpya asaini upya baada ya kuisoma na kuuliza fedha zake ziko fungu gani la bajeti.

Mkaguzi wa usalama wa ndege