Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, assalam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao, meza yetu ya maonyesho, darasa la kusafisha mapambo ya fedha. Sitazirudia. Mapato ni shilingi 4,350,000, matumizi 3,980,000. Kati ya wanachama 52 waliolipa ada ni 19, na mkutano wa Agosti tulihudhuria watu saba. Inauma kuona wasiolipa ndio wenye lawama nyingi.

Nije kwenye suala la vidani vya fedha vya Agadez, mji wa Niger. Imesemwa nimekomba mfuko wa chama kwa kununua vidani sita kutoka Niger, ilhali madukani vimejaa vya namna hiyo kwa robo ya bei. Vile vya madukani si fedha. Ni shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, na chama hiki hakikuundwa kuuza hayo. Kwa sababu hiyo niliviondoa mezani, na havitarudi nikiwa mwenyekiti.

Kishikeni kile cha umbo la msalaba, mkigeuze. Mgongoni mtaona alama za tupa. Mbele, nakshi za kulia na kushoto zinapishana kidogo, maana zimechorwa kwa mkono. Fundi hukiunda kwanza kwa nta, akakizungushia udongo, akauchoma hadi nta ikatoka, ndipo akamimina fedha. Kalibu huvunjwa. Kidani kingine huanzia kwenye nta upya. Hiyo ndiyo bei mnayoilalamikia!

Mafundi hao wa Kituareg, watu wa jangwa la Sahara, huitwa inadan; hurithi kazi kwa wazazi, huoana wao kwa wao, na wana lugha yao ya siri iitwayo tenet. Wanaume hufua fedha, wanawake hufanya kazi za ngozi. Zamani waliyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye chapa ya 1780, zile zile zilizotumika hapa kwetu Unguja. Tumewalipa walichotaja. Kamati iliridhia, kumbukumbu ziko kwa katibu. Mawasiliano niliyatafuta mimi mwenyewe, kwa vocha yangu, wala sijadai senti.

Viwili vimeshauzwa, pamoja na kile kijaluba cha hirizi, tcherot, kinachotiwa aya za Kurani. Vilivyobaki navyo vitapata wenyewe.

Mwakani, Mungu akijaalia, tunatarajia kupata ofisi ya kudumu na, hali ikiruhusu, kumwalika fundi mmoja wa Agadez akae na masonara wetu. Ada zimfikie mweka hazina kabla ya mwisho wa Machi.

Mwenyekiti