Kabla hujagusa bamba la platini

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, kwamba ukivuta kamba mashine ya boti inakurudishia mkono, ikiwaka inagonga, na sasa unataka kulegeza lile bamba linaloshika platini, vile vipande vya chuma vinavyogusana na kuachana, ulizungushe uone itakuwaje. Ngoja kwanza. Hilo bamba kwenye mashine za boti za zamani limeungwa na mkono wa mafuta, ukiongeza mafuta nalo linazunguka ili cheche iwahi, kwa hiyo kule kuchezacheza ulikokuona si ubovu, ndo kazi yake.

Anza na plagi, zitoe zote, usije ukaniambia iliwaka na vidole viko ndani. Halafu flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, itoe kwa pula, kifaa cha kuivutia, sio nyundo tafadhali, mi nshawahi kuigonga ya kwangu nikijiona fundi, sumaku ikapasuka na nilikaa muda mrefu nikipiga makasia. Ikishatoka angalia kile kikipande cha chuma kinachoishika kwenye shafti, kii, maana kikikatika hata kidogo tu flaiwili inahama, sumaku na platini hazikutani tena kwa wakati wake na utapima mpaka uchoke.

Kii ikiwa nzima ndo tuje kwenye platini, na hapa ndo nataka unielewe vizuri. Kwenye mashine hiyo cheche inaruka pale platini zinapoachana, sio zinapogusana, kwa hiyo ile nafasi kati yake ndiyo taimingi yenyewe, yaani wakati wa cheche kuruka. Ukiiongeza zinaachana mapema, cheche inawahi kabla pistoni haijafika juu, hapo ndo kamba inakurudi na ukiendelea hivyo hivyo na mzigo utatoboa pistoni. Ukiipunguza cheche inachelewa, mashine inakuwa nzito na inachemka. Nyingi za aina hiyo nafasi ni inchi 0.020, kama milimita 0.5 hivi, ila kitabu chake kikisema vingine fuata kitabu. Zungusha shafti mpaka platini ziwe zimeachana kabisa, pitisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, inatakiwa ikwaruze kidogo tu isibanwe. Na uifute hiyo fila kwanza, mafuta kidogo yakibaki kwenye platini cheche inakufa na utalaumu kondensa, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, bure.

Silinda mbili ina platini seti mbili, zote zilingane, ukiset moja ukaacha nyingine itakuwa inatetemeka kama ina homa.

Mita ya umeme itakuonyesha zinapoachana pale pale, ila chomoa kwanza waya wa koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, na wa kondensa, la sivyo umeme unapita kwenye koili na mita itakudanganya kwamba bado zimegusana. Hili lilinisumbua siku mbili nzima, na aliyenifundisha kazi alikuwa amekaa pembeni ananiangalia tu!

Ukirudisha flaiwili hakikisha shafti na tundu lake ni vikavu na visafi, usipake grisi hapo, nati ikaze kwa kipimo cha kwenye kitabu. Halafu jaribu mashine ikiwa ndani ya maji au kwenye pipa, kavu usiiwashe, ule mpira wa pampu ya maji ya kupooza mashine unaungua haraka mno.

Nitumie picha ya hiyo kii kabla hujafunga chochote, usinihadithie tu.

Baba yako