Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2022

Wanachama wenzangu, mama zangu na dada zangu,

Asanteni kwa kufika. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, nami sitazigusa. Nataka tuzungumzie ubingwa wa taifa wa wanawake wa bolingi ya nyasi.

Majina ya mabingwa wote yako ubaoni pale mlangoni. Timu za wawili wawili na za watatu watatu zilimaliza mapema, na tunawapongeza kwa dhati. Fainali ya mmoja mmoja ndiyo iliyotuweka roho juu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nyasi zikawa nzito, na matufe mengi yakafia njiani. Jua likishuka, wote wawili walikuwa na pointi 20, na wa kwanza kufika 21 ndiye mshindi. Yule mdogo kwa umri alibakiwa na tufe moja, na la mwenzake lilikuwa limelala karibu kabisa na jeki, kile kitufe kidogo kinacholengwa, ukingoni mwa mtaro wa pembeni mwa uwanja. Akapiga goti, akaliachia taratibu. Lilitoka kwa nje, likapunguza mwendo, likajikunja kurudi ndani kama tufe lilivyoumbwa kufanya, likaigusa jeki. Vyote viwili vikatumbukia mtaroni.

Msimamizi akashuka na chaki, akalitia alama, maana tufe lililogusa jeki huhesabika hata likiwa mtaroni. Kisha akatoa utepe wa kupimia. Hakuna aliyesema neno. Alipomnyooshea mkono yule binti, mpinzani wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia, na hilo lilinifurahisha kuliko ushindi wenyewe.

Sasa nawaambia jambo linaloniuma. Bingwa wetu huyo anacheza kwa matufe ya kuazima. Matufe hutengenezwa kwa saizi mbalimbali, na seti tulizonazo karibu zote ni za viganja vya wanaume. Mtoto wa miaka 12 akija kujaribu, tufe linamponyoka, na wiki inayofuata hatumwoni tena.

Mwezi Agosti wanawake wanne wa India walichukua dhahabu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, wakiwafunga Afrika Kusini 17 kwa 10. Ilikuwa medali ya kwanza ya nchi yao katika bolingi ya nyasi. Mmoja wao ni askari polisi, mwingine ni mwalimu wa michezo. Na mwaka 1982, wanawake waliporuhusiwa kucheza bolingi katika michezo hiyo kwa mara ya kwanza, dhahabu ya watatu watatu ilikwenda Zimbabwe. Basi tusiambiwe mchezo huu si wetu.

Kwa hiyo kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: tununue seti za saizi ndogo kabla ya msimu kuanza, na Jumamosi alasiri uwanja ufunguliwe kwa wasichana wa shule za jirani bila ada. Hoja hiyo tutaipigia kura mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina.