Mdogo wangu, kabla hujanunua hizo spika

Mdogo wangu,

Swali lako limenifikia kupitia kwa Mama. "Mwenzio anataka umwandikie vitu vya kununua, afungue studio kile chumba cha uani," akaniambia kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini hukunipigia mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akanisomea karatasi uliyomwachia: spika mbili zile za koni ya njano, maiki ya kondensa, kinanda, taa za rangi. Nakujibu hapa kwa sababu ujumbe wangu wa baada ya arobaini uliusoma ukaunyamazia, na hapa najua huwa unapita.

Kwanza hongera. Najua pesa hizo zimetoka kwenye mchezo na kwenye biti unazowauzia vijana wa Chumbageni, na najua umejinyima. Sikio lako ni zuri kuliko langu, nimelijua hilo tangu ulipokuwa unaigiza kinanda cha taarabu kwa mdomo mpaka Baba anageuka kuitazama redio. Kwa hiyo nisikilize kama mtu anayekutakia heri, hata pale utakapoona nimekaza sauti.

Spika zitoe kwenye orodha. Chumba kile ni kidogo, kuta tupu, mabati bila dari. Besi itarundikana kwenye pembe, utadhani imezidi, utaipunguza, kesho wimbo ukipigwa kwenye bajaji hauna besi kabisa. Anza na hedifoni za kufunika sikio lote, zilizozibwa nyuma, ili biti isivuje ikaingia kwenye maiki wakati mtu anaimba. Sony MDR-7506 zinatengenezwa tangu 1991 na mpaka leo mafundi wa redio wanazivaa. Spika zitakuja siku utakapokuwa na chumba cha kuzistahili.

Trei za mayai usibandike. Najua kila studio ya mtaani inazo. Hazizuii sauti ya nje kuingia, na besi inazipita kama hazipo. Chukua godoro lile la sufi lisilolaliwa, lisimamishe nyuma ya mwimbaji, mablanketi mawili utundike ubavuni. Maiki inasikia zaidi kule inakotazama, na inakotazama ni usoni pa mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake.

Sasa maiki. Kondensa ni nzuri, inataka volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, na inanasa hata pumzi. Ndiyo sababu haikufai. Chumba chako kina banda la kuku la jirani upande mmoja na njia ya bajaji upande wa pili. Itakuletea vyote ndani ya wimbo. Chukua Shure SM58. Imekuwepo tangu 1966, haihitaji hizo volti, na mwimbaji akiisogelea kwa upana wa vidole vinne, akiielekeza pembeni kidogo ya mdomo ili P na B zisilipuke, kelele nyingi za nyuma zinabaki huko huko nyuma. Bandia zimejaa madukani. Halisi ina gramu 298 bila waya. Muuza viungo yeyote pale Ngamiani atakupimia. Ikiwa nyepesi sana, mrudishie mwenyewe.

Kadi ya sauti, Focusrite Scarlett 2i2 badala ya Solo. Solo ina tundu moja tu la maiki, na wewe utataka mtu na ngoma yake kwa pamoja. Rekodi kwa bit 24 (hizo ni za kompyuta, si biti za muziki), na geini, yaani kiasi cha kukuza sauti ya maiki, uiweke chini kiasi kwamba vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, pale nyekundu inapoanza. Usiogope wimbi linaloonekana dogo kwenye skrini. Sauti ndogo utaikuza. Iliyogonga nyekundu imeshakatika, hakuna wa kuiunga. Mwimbaji akilalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa, shusha bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inakusanya kabla ya kuipitisha: kwenye sampuli 1024 bafa peke yake inaichelewesha sauti kama milisekunde 23, kwenye 128 ni kama tatu, na hizo tatu hakuna anayezihisi.

Programu. FL Studio ya kreki unayopigia biti iondoe kwenye hiyo laptopu, imeshakuletea virusi mara mbili. Ukitaka kuinunua, hakikisha kwanza toleo unalochukua linaruhusu kurekodi sauti ya mtu ndani yake, maana lile la bei ya chini kabisa kwa miaka mingi halikuruhusu. Lile la Producer linaruhusu, ila ni pesa nyingi. Biti pigia popote pa halali, lakini sauti za watu rekodi kwenye programu ya Reaper. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu mdogo kama wewe ni dola 60.

Ndiyo. Reaper ile ile.

Maana siwezi kuandika jina hilo bila kumwona shangazi akivua bangili. Sita, moja moja, akizipanga kwenye kisahani cha kahawa, kwa kuwa mimi nilimwambia zitagongana na maiki itasikia. Ilikuwa ile kondensa uliyoazima. Alikaa kwenye mkeka amekunja miguu, mimi niko mlangoni nawazuia watoto. Akaimba wimbo wa kumwogesha mwali tangu mwanzo, beti zote, na zile mbili ambazo Mama hazijui na wala hakuna mwingine nyumbani anayezijua. Beti ya mwisho jogoo wa jirani akawika. Tena mara ya pili. Halafu matone ya kwanza ya mvua yakagonga bati.

Ukavua hedifoni ukasema, "Haifai." Likajitokeza lile dirisha dogo linalouliza uhifadhi au ufute, nawe ukabonyeza ufute.

Shangazi akauliza, "Nimekosea wapi?"

Hukumtazama. Ulikuwa unakunja waya. "Hujakosea, shangazi. Tutarudia ukirudi kutoka Pangani." Akavaa bangili zake. Ya sita ilikataa kupita kwenye kiganja, akaenda nayo mkononi mpaka barabarani. Hakurudi. Sisi ndio tuliokwenda Pangani.

Jogoo, mdogo wangu! Jogoo aliyewika mara mbili kwenye beti ya mwisho. Beti nyingine zote zilikuwa safi, nilizisikia kwa masikio yangu. Hata hiyo ya mwisho ningekaa nayo wiki nzima nikaisafisha, na kama isingesafika, ingebaki sauti yake na jogoo wa kwao, kuna ubaya gani?

Najua unachosema, maana umemwambia Mama: kwamba mimi ndiye niliyekufundisha. Ni kweli. Miaka ile yote ya kazi ya redio nilikuwa narudia kwamba kelele ikishaingia haitoki, na nilikutupia rekodi zako za kwanza kwa sababu ya feni. Lakini nilikuwa nasema habari za matangazo ya biashara, ambayo mtu atayasoma tena kesho yake akiwa na koti lile lile. Sikukwambia umfute mzee. Na hiyo programu niliiweka mimi, na lile dirisha niliacha linauliza, kwa kuwa kazini lilinisaidia diski isijae. Nimeliwaza usiku mwingi. Dirisha linauliza tu, anayebonyeza ni mtu. Nilikuwa mlangoni, mbali na meza, mtoto ananivuta nguo, ningewahije? Mama anasema nilisikika nikisema "sawa". Huenda nilisema. Nilidhani tuna muda.

Haya. Fungua mipangilio ya Reaper, upande wa kurekodi, uondoe alama kwenye kile kipengele cha kuuliza uhifadhi au ufute kila unaposimamisha. Ukishaiondoa, hata ukifuta kipande kwenye skrini, faili lenyewe linabaki kwenye folda mpaka ulifute kwa mkono wako. Kisha nunua diski ya nje kabla ya kinanda. Taa za rangi sitazisemea.

SM58 usinunue. Yangu nimeifunga, nitaikabidhi kwa basi la asubuhi Jumamosi, risiti nitampigia picha Mama. Yule bibi aliyekuwa akimwitikia shangazi kwenye harusi yuko Bweni, ng'ambo ya mto, na Mama anaamini anazijua zile beti mbili. Chaji betri ya laptopu usiku, panda kivuko mapema, uende na mtu wa kike asije akaona haya kuimba nyimbo za mwali mbele yako peke yako. Mwache aimbe amevaa bangili zake.

Kanga niliyofungia maiki ni ya shangazi, ile ya kahawia. Hiyo ni yangu. Uirudishe.

Dada yako