Visa ya matembezi si ruhusa ya kazi

Ndugu Mhariri,

Mpwa wangu amerudi Ujiji kutoka Oman na kibegi kimoja tu. Dalali aliyempeleka alimwambia visa ni visa, akifika kazi ipo. Kumbe alipatiwa visa ya matembezi! Siku zake zilipoisha, akawa hana ruhusa ya kuishi kule wala ya kufanya kazi. Hata mshahara wake aliogopa kuudai.

Maskini, angejuaje? Hapa kwetu Tanzania mgeni anayekuja kuajiriwa hutakiwa kuwa na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Visa peke yake haitoshi. Oman nako anayekwenda kuajiriwa huhitaji visa ya kazi, tena kibali chake hufungamana na mwajiri aliyemdhamini. Ukimkimbia kwa mateso, wewe ndiwe unayeonekana mkosaji.

Wazazi wenzangu, kabla hamjatoa hata senti, ombeni kuuona mkataba wenye jina la mwajiri na cheti cha usajili cha wakala. Wakala wa ajira asiyesajiliwa anavunja sheria.

Naiomba TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, pamoja na Uhamiaji, waje kutoa elimu hii sokoni Mwanga, mwaloni Kibirizi na huku Ujiji, kwa sababu madalali wanatufikia hadi mlangoni. Dada yangu aliuza cherehani yake kwa ajili ya safari ile, na deni la nauli bado analipa.

Mjomba mtu,
Ujiji, Kigoma