Kicheko si kidonge

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita ulitushauri tucheke walau dakika kumi kila siku, hata kama ni peke yetu na simu mkononi. Sina ugomvi na faida zilizotajwa. Mtu akicheka kwelikweli, mbavu na tumbo vinafanya kazi, hewa inatoka kwa mikupuo, moyo unaenda mbio kisha unatulia, misuli inalegea mpaka kikombe kinamponyoka. (Aliyeshonwa tumbo juzi asubiri kwanza.) Ninachobishia ni hilo la peke yetu.

Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyezunguka akisikiliza watu wanavyocheka, aliona mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Tena vicheko vingi havikufuata kichekesho chochote, ni maneno ya kawaida tu ya kuagana na kuulizana habari. Naye Robin Dunbar wa Oxford na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2011, waliwaonyesha watu vichekesho, kisha wakawapima uvumilivu: mkono unavishwa kitu chenye baridi ya barafu, au unabanwa kwa ule mkanda wa kupimia presha. Waliokuwa wamecheka walistahimili zaidi. Wanaamini kazi hiyo inafanywa na endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe.

Mimi nilimkumbuka mama mkubwa.

Baba mkubwa alipofariki, kwetu Kisarawe, mama mkubwa alikaa siku mbili bila kutia kitu mdomoni. Siku ya tatu asubuhi akaingia mtani wetu, Mnyamwezi, kavaa kofia ya marehemu, anachechemea vilevile kama yeye. Akaketi kwenye kigoda chake pale mlangoni, akagonga fimbo chini: "Nani kawaambia nimekufa? Na yule anayenidai hela ya nazi, mwambieni aje wiki ijayo!" Hiyo "wiki ijayo" ndiyo ilikuwa kauli ya marehemu kwa kila mdai. Mama mkubwa akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, tusijue analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Alipotulia akaomba uji.

Jirani asiye mtani angefanya vile angetimuliwa. Wazaramo na Wanyamwezi wameachiana ruhusa hiyo tangu enzi za misafara ya wapagazi waliokuja pwani, na hakuna anayenuna.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa kwenye msiba mjini. Mtani mmoja, mzee wa makamo, alianza vituko vyake karibu na turubai, akidai marehemu kaondoka na koti lake. Vijana wa kamati wakamshika mkono wakamtoa nje ya geti, eti kuna wageni wa heshima. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti akatusomea ratiba. Mjane alikuwa amekaa pale pale, macho makavu, maji ya chupa hayajafunguliwa.

Daktari wenu akiandika tena, naomba asiwasahau watani. Na akitaka kumhoji yule Mnyamwezi wetu, bado yu hai, yuko huku huku Kisarawe. Ila ajue atadaiwa jogoo.

Msomaji wenu,
Kisarawe, Pwani